Manyoya Aliyoyashika Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Ameondoka leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Mume wangu. Neno hili naliandika tena kwa sababu bado lina upya wake, kama kiatu cha ngozi kinachobana kidogo lakini hutaki kukivua: mume wangu. Leo ni siku ya kumi na sita tangu tuoane. Hata kipande cha sabuni tulichokifungua pamoja hakijaisha.

Anakwenda kufunga mitambo ya vyumba vya baridi kwenye ghala jipya la matunda, safari ya siku mbili kutoka hapa. Wiki kumi, wamemwambia. Wenzake kazini wanamwita Baridi kwa ajili ya kazi yake, na mimi kila nikilisikia jina hilo nacheka peke yangu, maana sijawahi kukutana na kiumbe chenye joto kama yeye. Nikilala karibu naye hata shuka silihitaji.

Ameniachia koti lake la zamani la kazi, redio inayoshika stesheni moja tu, na Blanketi.

Blanketi ndiye mbwa wake. Rangi yake ni ya chai yenye maziwa mengi, na manyoya yake yamejisokotasokota mwili mzima, hata miguuni, hata juu ya pua kidogo, utadhani alilala na rola kichwani. Ajabu yake ni kwamba hapukutishi. Unaweza kuinama na tochi ukapekua zulia lote usipate unyoya mmoja.

Kabla ya kutoka, mume wangu alipiga magoti mlangoni akazamisha mikono yote miwili kwenye manyoya ya shingo ya Blanketi, mpaka kucha zikapotea. Akasema, "Mtunze. Nikirudi nimkute vilevile." Mimi aliniambia mengine, ambayo siyaandiki hapa.

Jumanne, 4 Machi

Amefika nusu ya njia. Brashi mia.

Lazima nieleze, maana siku moja tutaisoma shajara hii pamoja tukiwa wazee. Siku ya kwanza nilipomwona mume wangu, sikumwona yeye kwanza, nilimwona mbwa. Mvua ilikuwa inanyesha, nao wakajibanza kwenye kibaraza cha mbele cha duka tunaposhonea mapazia. Nikatoka na cherehani yangu bado inazunguka, nikauliza nani anamtunza mbwa huyu mpaka anapendeza hivi. Akajibu, "Mimi mwenyewe. Kila jioni, brashi mia, bila kukosa." Nikajiambia, mwanamume anayeweza kuhesabu mpaka mia kwa ajili ya mbwa, huyo ana moyo. Pazia nililokuwa nashona siku ile lilitoka fupi upande mmoja.

Kwa hiyo sasa mia ni zamu yangu. Brashi ni ya mbao, laini kama ya kung'arishia viatu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimegundua jambo, na nimekaa nalo siku nzima dukani nikitabasamu kama mwehu, mpaka mama mwenye duka akaniuliza kama nina homa.

Ni hili: Blanketi hapukutishi. Basi manyoya aliyoyashika mume wangu Jumatatu asubuhi hayajaenda popote. Yako palepale shingoni. Mikono yake imebaki ndani ya nyumba hii, kwa namna fulani, na nikiweka uso wangu pale nasikia harufu ya sabuni yake na ile harufu ya chuma ya kazini kwake.

Simwogeshi. Simnyoi. Mpaka arudi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua zimeanza. Tumelowa wote wawili asubuhi kabla ya kufika kwenye kona. Nimemsugua kwa taulo mpaka akakauka. Brashi mia.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Taulo. Brashi mia. Amepiga simu saa moja jioni, nikaiweka simu sakafuni sauti ya juu ili wote tusikie. Blanketi aliinusa simu, akazunguka nyuma yake kumtafuta.

Jumapili, 16 Machi

Wifi amekuja. Ni dada mkubwa wa mume wangu, msusi, ana saluni yake mitaa miwili kutoka hapa, na ulimi wake unachana kuliko vitana vyake vyote. Alikagua sufuria, akakagua kitanda, akaniuliza kama mapazia yangu mwenyewe nitayashona lini, maana madirisha ya mshona mapazia yako uchi. Hapo nilicheka, kwa sababu ni kweli.

Kisha akamtazama Blanketi. "Wifi," akasema, "huyu anataka kunyolewa. Mlete saluni Jumatatu, siku hiyo sina wateja."

Nikasema hapana, asante, namchana mwenyewe kila jioni. Akanyoosha mkono atie vidole kwenye manyoya ya shingo. Ya shingo! Nikamvuta Blanketi kwangu kabla hajafika. Sijui kama alikasirika. Alijifunga mtandio wake, akasema, "Haya, bibi arusi. Mbwa ni wako," akashuka ngazi.

Najua mawifi walivyo. Anaona nimemchukulia mdogo wake, sasa anataka angalau mbwa abaki wake. Mtu ambaye mkono wake umeshika vichwa elfu hawezi kuelewa kichwa kimoja.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Taulo. Mia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimempiga Blanketi picha akiwa juu ya kitanda, nikiwa nimesimama juu ya kiti. Amejaa kama wingu. Mume wangu amejibu kwamba hajawahi kumwona amependeza kiasi hicho, na kwamba ameoa mwanamke wa miujiza. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kiasi kwamba simu imezimika chaji.

Jumatano, 26 Machi

Leo nimeshona mapazia ya chumba cha kulala cha watu wanaohamia nyumba mpya. Mke alitaka mazito, mume alitaka mepesi, wakabishana mbele yangu dakika ishirini, wakicheka. Niliwapimia kitambaa huku nikijisikia kama mtu anayetazama watu wakila.

Mvua. Mia.

Jumapili, 30 Machi

Harufu yake kwenye shingo ya Blanketi imeisha. Siwezi kusema ni lini hasa. Sasa ni harufu ya mvua tu, na taulo. Nimelileta koti la kazi, nikamfunika nalo Blanketi ili harufu ihamie. Alilala humo jioni yote akiniangalia kwa subira, kama mgonjwa anayejua daktari wake bado anajifunza.

Jumanne, 1 Aprili

Mtandao kwao mbaya. Maneno matatu tu yamepita: "Umekula? Nina..." Basi. Nimeimalizia mwenyewe sentensi hiyo kwa njia kumi na nne tofauti, zote nzuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo bila kupumzika. Taulo zote zimelowa, nimemsugua kwa shuka. Mia.

Jumamosi, 12 Aprili

Kuna kitu.

Nimeingiza vidole nyuma ya sikio la kulia la Blanketi na havikuingia. Juu ni laini, wingu lilelile, lakini chini yake kuna kitu kigumu, bapa, kama upande wa chini wa zulia. Nikapapasa kwapani: hivyohivyo. Tumboni: hivyohivyo. Brashi inapita juu kwa raha kabisa, sh, sh, sh, haifiki huko.

Labda ni kawaida yao. Labda mbwa wa namna hii ndivyo walivyo ndani. Ningemuuliza mume wangu, lakini jana tu ameniambia kwamba akiwa juu ya ngazi kule ghalani, mikono imekufa ganzi, anafikiria jinsi ninavyomchana Blanketi na roho yake inatulia. Nitamwambiaje mtu aliye juu ya ngazi?

Jumapili, 13 Aprili

Brashi mia mbili.

Jumanne, 15 Aprili

Mia mbili. Nyuma ya sikio pamezidi kuwa pagumu. Nikipagusa anageuza kichwa. Picha aliyoipata leo mume wangu nimeipiga kutoka juu, kama kawaida.

Ijumaa, 18 Aprili

Wiki kumi zimekuwa kumi na tatu. Mvua imechelewesha paa la ghala, na bila paa hawawezi kufunga mitambo. Alinieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayebeba sahani iliyojaa. Nilimwambia hakuna shida, mpenzi, kazi ni kazi. Nilikuwa na sauti nzuri sana. Yeye pia alikuwa na sauti nzuri sana. Tukaagana kama watangazaji wawili wa redio.

Halafu nikakaa sakafuni nikaweka uso kwenye shingo ya Blanketi, nikalia mpaka manyoya yakalowa. Ni ya juu tu yaliyolowa. Chini, machozi hayakuingia.

Jumanne, 22 Aprili

Wifi amepita dukani kuniletea barua ya mume wangu iliyokuja kwa anwani ya saluni. Hakuingia ndani. Aliuliza, "Mbwa hajambo?" Nikasema hajambo. Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika yote, hata sehemu ninazotamani kuziruka.

Asubuhi Blanketi alikuwa anajikuna sikio mpaka anaanguka upande. Nikasema leo namaliza jambo hili. Mimi ni mshonaji; fundo limenishinda lini? Nikachukua kile kichuma chenye makali tunachofumulia mishono, nikakaa naye karibu na dirisha, nikamwekea kichwa pajani. Uzi uliokazana unautia ncha chini yake, unainua, unakata. Nimefanya hivyo mara elfu. Nikatia ncha chini ya lile bonge nyuma ya sikio, nikainua.

Haukuwa uzi peke yake. Ukingo wa sikio ulikuwa umevutwa ndani ya bonge, umekunjika humo kama pindo, na mimi nikaukata.

Hakubweka. Alitoa sauti ndogo ambayo sikuwa najua kwamba mbwa anayo, akajivuta chini ya kitanda. Damu ya sikio ni nyingi mno kwa jeraha dogo. Ilikuwa ukutani, kwenye shuka, kwenye gauni langu. Nikajilaza tumboni nikamwita. Akanitazama kutoka kwenye kona, akarudi nyuma. Kutoka kwangu mimi. Hilo ndilo lililonivunja, kuliko damu.

Mwishowe nililala pale chini bila kumgusa wala kumwita, mpaka yeye mwenyewe akatambaa akaja. Nikamfunga kwenye koti la mume wangu, nikakimbia naye kwenye mvua. Sikuchagua pa kwenda. Miguu ilikwenda saluni.

Wifi alikuwa na mteja mwenye dawa kichwani. Alituona mlangoni, akavua glavu, akamwambia mteja ajisuuze mwenyewe, bomba analijua. Akabana sikio la Blanketi kwa taulo safi kwa vidole viwili, kwa nguvu, huku mkono wa pili ukipiga simu kwa daktari wa mifugo. Hakuniuliza kitu hata kimoja.

Daktari alikuja na mkoba wake, mtu mfupi mwenye miwani iliyojaa matone. Alishona mishono miwili, akapapasa mwili mzima wa Blanketi, na kila alipopapasa uso wake ulizidi kukunjamana. Akapasua bonge moja la kwapani akatuonyesha. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, imelowa, imechubuka, kama ngozi ya mtoto aliyekaa na nepi siku nzima. Alisema manyoya ya aina hii, kwa kuwa hayadondoki sakafuni, yanayong'oka yananaswa na yaliyobaki, yanasokotana nayo. Ukiyalowesha na kuyasugua kila siku bila kuyachambua mpaka kwenye ngozi, yanakuwa godoro. Kila hatua mbwa anavutwa ngozi. Anyolewe yote, leo.

Kisha akavua miwani, akaifuta, akauliza, "Nani alikuwa anamtunza mbwa huyu?"

Nilifungua mdomo. Wifi akasema, "Sisi." Akasema hivyo bila kunitazama, anakunja taulo lenye damu. "Ni mbwa wa nyumbani, daktari. Tulikuwa tunamtunza sisi."

Mteja alipoondoka wifi akageuza kibao cha mlangoni, akamweka Blanketi juu ya meza ya kukunjia taulo, akawasha mashine ya kunyolea. Kabla haijagusa, nikamshika mkono. Nikasema, wifi, subiri. Na hapo yote yakanitoka: kwamba manyoya haya mdogo wake ameyashika asubuhi ya kuondoka, kwamba hayadondoki, kwamba ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba alichokigusa ambacho bado kiko hai, na mimi sikuweza kukikata, na tazama sasa nilichokifanya.

Akazima mashine. Nilingoja anicheke.

"Wifi," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "huyu nilimnyoa mimi siku kumi kabla ya arusi yenu. Yalibaki kiasi hiki." Akanionyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho. "Manyoya yanaota kutoka kwenye ngozi. Alichokishika mdogo wangu kiko huku nchani. Haya ya ndani yote, haya yaliyoshikana, yameota yeye hayupo."

Nilikaa kwenye kiti cha kuoshea kichwa. Nilifikiria usiku na mchana wote huo, kila siku na urefu wake mdogo, zikisukumana kutoka kwenye ngozi na kubanana pale chini, huku mimi napiga brashi juu.

Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kumchana kwa brashi ya viatu. Nikasema ni mume wangu mwenyewe, brashi mia kila jioni. Wifi alinitazama. Mabega yakaanza kumcheza. Alicheka mpaka ikabidi ajishike kwenye kofia ya kukaushia nywele.

"Yule?" akasema. "Yule hajamchana mbwa huyu hata siku moja tangu amnunue. Ananiletea mimi hapa, anakaa kwenye kiti hicho ulichokalia, anasoma magazeti ya urembo mpaka nimalize."

Kisha akachukua mkasi, akakata ncha za manyoya ya shingo, pande zote, nyembamba kabisa, akazifunga kwenye kipande cha karatasi ya fedha anachotumia kwa rangi ya nywele. Akaniwekea kiganjani. "Shika. Mapenzi yako haya. Sasa niache nimfanyie mwenzio kazi."

Manyoya yalitoka kwa kipande kimoja, kama fulana. Chini yake alikuwemo mbwa mwembamba wa rangi ya waridi, mwenye alama nyekundu kila mahali na kitambaa sikioni, nusu ya Blanketi niliyemjua. Alijikung'uta. Akajikung'uta tena, kama aliyeshangaa jinsi ilivyo rahisi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekaa na hasira mpaka saa nane mchana. Siku hamsini na nne mara mia, na zile za nyongeza juu: brashi elfu tano na zaidi nimezipiga kwa ajili ya majigambo ya mwanamume aliyekuwa amejibanza kuikwepa mvua.

Saa moja jioni akapiga. Nikamwambia. Sikio, godoro, ngozi, picha za kutoka juu, kila kitu, bila ile sauti nzuri. Nilimwambia uliniomba umkute vilevile na hutamkuta vilevile.

Halafu akauliza, "Nani alikwambia umchane brashi mia?"

"Wewe. Mbele ya duka."

Akasema, taratibu sana, "Nilikuwa nataka unipende."

Nikamwambia, nilikuwa nimekupenda kabla hujajibu. Ungeweza kusema namchana kwa uma.

Akacheka, nami nikacheka, kisha kicheko chake kikaharibika katikati. Akaniambia kule si kuzuri. Kwamba analala vibaya, kwamba chumba chao kinavuja, kwamba siku wiki kumi zilipokuwa kumi na tatu alikaa kwenye choo cha wafanyakazi akalia, akatoka akanipigia kwa sauti ya redio. Sikuwa najua hata neno moja la hayo. Tumeongea kwa wiki nane kila siku, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia.

Alhamisi, 1 Mei

Blanketi anavaa sweta langu lililokatwa mikono. Anatembea kwa aibu, lakini anatembea haraka. Jana alilala miguuni pangu. Kichwani bado hataki niguse.

Jumatatu, 5 Mei

Somo la kwanza saluni. Wifi amenipa chanuo la chuma lenye meno marefu. Unatenga manyoya kwa vidole mpaka uione ngozi, mstari mmoja, kama unasuka. Unaanzia nchani, unashuka kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi, huku umeshika shina ili asivutwe. Chanuo likipita mpaka chini bila kukwama, ndipo unakwenda mstari unaofuata. Unachana kabla ya maji, kamwe si baada ya maji. Akitoka kwenye mvua unamkandamiza kwa taulo, humsugui.

Sasa hivi hakuna cha kuchana, manyoya ni mafupi kama ya zulia jipya. Tumefanyia mazoezi kwenye wigi. Wifi anasema wigi limenizoea kuliko mbwa.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempelekea wifi mapazia ya saluni, mekundu, kama alivyokuwa anatamani. Aliyapapasa pindo kwa kidole, akatafuta kosa, akalikosa, akanuna. Nampenda mwanamke huyu. Nimeandika.

Jumatatu, 12 Mei

Leo ndiyo siku angerudi kama paa lisingechelewa. Nilivaa gauni la njano hata hivyo. Blanketi aliketi mlangoni kuanzia saa kumi, sijui nani alimwambia.

Jumamosi, 17 Mei

Ameniachia sikio. Mimi nilikuwa nasoma, yeye akaja akaweka kichwa pajani, upande ule wenye kovu ukiwa juu. Sikutumia chanuo. Nimeweka vidole tu, nikahisi manyoya mapya, laini, yanaanza kujisokota.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kidogo. Tumemkandamiza, hatukumsugua. (Nasema "tu" kwa sababu mume wangu alikuwa kwenye simu akisimamia.)

Jumapili, 1 Juni

Amerudi.

Jumatatu, 2 Juni

Jana sikuweza kuandika zaidi ya neno moja, na hata hilo niliandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa umeshikwa.

Amekonda. Ana kovu jipya kwenye kiwiko ambalo silijui. Mlangoni alipiga magoti kama siku ile, akanyoosha mikono, na Blanketi akasimama nyuma ya miguu yangu. Alinusa hewa. Mume wangu hakumwita. Alikaa chini kabisa, mgongo kwenye mlango, mikono juu ya magoti, akangoja. Nilijua basi kwamba alikuwa amesikiliza kila kitu nilichomwambia kwenye simu, hata lile la kulala sakafuni bila kuita.

Blanketi alipofika kwake, mume wangu akatia vidole kwenye manyoya mafupi ya shingo, akasema, "Manyoya haya siyajui."

"Mimi nayajua," nikamwambia. "Nitakufundisha."

Alhamisi, 5 Juni

Kumbe ana mikono mizito ajabu. Anayeshika nyaya nyembamba kama uzi anamshika mbwa kama anafungua boliti. Wifi alikuja kutazama, akaleta na magazeti ya urembo, akamwekea pembeni ili asijisikie mgeni.

Jumapili, 8 Juni

Mvua zimekwisha, nadhani. Siku ya nne bila tone. Tumeanika kila taulo la nyumba.

Jumatatu, 9 Juni

Wamempigia simu kutoka kazini. Mitambo ya upande wa pili wa ghala. Wiki nane. Anaondoka Alhamisi.

Safari hii hatukusema hakuna shida. Tulisema ni shida, tukakaa nayo hapo mezani, chai ikapoa.

Jumatano, 11 Juni

Nilimwonyesha ile karatasi ya fedha yenye ncha. Aliifungua, akaitazama, Blanketi naye akaja akanusa, akapiga chafya. Aliifunga vizuri akaniomba aondoke nayo. Nimempa.

Kisha, jua likiwa bado dirishani, akaweka taulo sakafuni, akachukua chanuo la chuma, akamlaza Blanketi kwa ubavu. Alitenga mstari kwa vidole mpaka ngozi ikaonekana, akaanzia nchani, akashuka, akafika chini, akaenda mstari unaofuata. Mgongo, kwapa, tumbo, mkia. Aligeuza sikio lile polepole, akasimama kwenye kovu, akapita pembeni yake. Ilimchukua saa nzima na zaidi. Mimi nilikuwa nashona mapazia ya chumba chetu, nayo pia sikuyamaliza, kwa sababu nilikuwa namtazama.

Kesho saa kumi na mbili na nusu anaondoka. Lakini mikono yake leo imefika kwenye ngozi. Manyoya yaliyo chini kabisa sasa hivi, hayo ameyagusa, na kuanzia kesho yataanza kupanda. Kila jioni nikitenga mstari nitaona yamefika wapi. Wiki ya pili yatakuwa yameinuka kidogo, wiki ya tano yatakuwa katikati, na atakapokaribia kurudi yatakuwa huko juu yanapoguswa na hewa.

Na wifi akija na mashine yake, safari hii nitamwambia akate.